SOMO LETU: KWA NINI CHA ZAMANI KIMEKUWA GHALI?

Leo tutajifunza juu ya bei. Swali letu lilitoka kwa mama mmoja darasani kwetu. Mwanawe yuko mjini, anatengeneza video za harusi kwa kompyuta. Kijana alimwandikia mama ujumbe kwenye simu, na mama akausoma mwenyewe. Aliomba fedha za kununua kadi ya picha ya mtumba. Dukani zilikuwepo mbili. Moja ni ya toleo la mwaka 2017, nyingine ya 2019. Kijana alitaka ile ya 2017, na hiyo ndiyo iliyokuwa ghali.

Mama akatuuliza, "Jamani mwalimu, cha zamani kinakuwaje ghali kuliko kipya? Huyu mtoto si anataka kunila hela?"

Tulijadiliana, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kadi ya picha ni nini?

Kadi ya picha ni kifaa kinachokaa ndani ya kompyuta. Kazi yake ni kuchora picha zote tunazoziona kwenye kioo. Kompyuta ya kuandikia barua haihitaji kadi kubwa. Lakini mtu anayetengeneza video, au anayecheza michezo ya kompyuta, anahitaji kadi yenye nguvu. Kadi ina ghala lake la kuwekea picha wakati wa kazi. Ghala hilo hupimwa kwa gigabaiti, kama sisi tunavyopima mahindi kwa debe.

Sababu ya kwanza: umri si nguvu

Hebu tufikirie ng'ombe. Ndama amezaliwa mwaka huu. Mama yake ana miaka mitano na anatoa maziwa. Yupi ana bei kubwa? Ni yule mkubwa, kwa sababu mnunuzi hanunui umri. Ananunua maziwa.

Kadi nazo ni hivyo hivyo. Kampuni ya NVIDIA ya Marekani hutoa kadi kubwa na kadi ndogo. Mwaka 2017 ilitoa kadi iitwayo GTX 1080 Ti. Ilikuwa kadi kubwa, yenye ghala la gigabaiti 11. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 699. Mwaka 2019 ilitoa GTX 1650, kadi ndogo yenye gigabaiti 4, kwa dola 149. Ile ya 2019 ni mpya zaidi, lakini kwa nguvu haiifikii ile ya 2017. Hizi ndizo kadi mbili alizoziona kijana.

Mambo haya yapo hata kwa kadi za karibuni. RTX 4090 ya Oktoba 2022 ilianza kuuzwa dola 1,599, na ina gigabaiti 24. RTX 5080 ilitoka Januari 2025 kwa dola 999, na ina gigabaiti 16. Mdogo mtu kazaliwa nyuma, lakini kaka bado anamzidi.

Sababu ya pili: uhaba

Sote twajua bei ya mahindi. Wakati wa mavuno hushuka. Kabla ya mavuno mapya, ghala likiwa tupu, mahindi yale yale ya mwaka jana hupanda bei. Mahindi hayakuongezeka utamu. Yamekuwa machache, na wanaoyataka ni wengi.

Mwaka 2021 kadi za picha ziliadimika duniani. Kwanza, wakati wa ugonjwa wa Korona watu wengi walikaa nyumbani wakitumia kompyuta. Pili, viwanda havikutosheleza mahitaji. Tatu, kulikuwa na watu waliozitumia kadi hizo kwa wingi kutafutia fedha za mtandaoni, kama ile iitwayo Ethereum. Walanguzi nao wakanunua na kuuza kwa bei ya juu. Basi kadi ndogo ya mwaka 2016, GTX 1050 Ti, ikarudishwa madukani. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 139, lakini sasa ikauzwa kwa zaidi ya hapo. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha njia ile ya kutumia kadi. Wenye kadi wakaziuza, na mitumba ikajaa sokoni.

Je, kijana anunue?

Kwa hiyo kijana hakusema uongo juu ya bei. Lakini bei ya dukani siyo gharama yote. Tupige hesabu.

GTX 1080 Ti hutumia umeme hadi wati 250. Hizo ni sawa na taa 25 za wati 10. GTX 1650 hutumia wati 75 tu, yaani taa saba na nusu. Tena kadi ile kubwa inataka kompyuta yenye pawa saplai ya wati 600. Pawa saplai ni kile kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Halafu, mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba itaacha kuzitengenezea kadi za kundi la 1080 Ti programu mpya za kuziboresha.

Mama alimpigia simu mwanawe akamwuliza maswali matatu: Kazi yako inahitaji nguvu kiasi gani? Pawa saplai yako ni ya wati ngapi? Je, fundi ameijaribu hiyo kadi mbele ya macho yako? La kwanza kijana alilijibu vizuri. La pili alikuwa hajaliangalia, na la tatu akanyamaza.

"Basi angalia kwanza," mama akamwambia. "Fedha zipo, lakini ni za alizeti yetu."

Ndugu wanakisomo, tusiseme "ni kipya" tukanunua, wala "ni ghali" tukaamini. Tuulize kinafanya nini, na kitatugharimu nini baadaye.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja sababu mbili zinazofanya kifaa cha zamani kiwe ghali.
2. Wati 250 zinazidi wati 75 kwa wati ngapi?
3. Kijijini kwako ni kitu gani cha zamani chenye bei kuliko kipya? Kwa nini?