Chaji, Kani na Uga: Istilahi Tatu za Umeme Tuli

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia. Dai hilo hupata mashiko pale tu istilahi zinapotumiwa kiholela, mathalani neno "nguvu" linapobebeshwa dhana za kani na nishati kwa pamoja. Dhana tatu za umeme tuli zinatosha kulipima.

Ya kwanza ni chaji. Kitana cha plastiki kikisuguliwa kwenye nywele kavu, elektroni huhama kutoka kwenye nywele hadi kwenye kitana. Kitana hupata chaji hasi, nazo nywele hubaki na chaji chanya. Chaji haikuumbwa, imehama tu.

Ya pili ni kani. Chaji za aina moja husukumana. Za aina tofauti huvutana. Mnamo 1785, Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alionyesha kwamba umbali baina ya chaji mbili ukiwa maradufu, kani hupungua hadi robo.

Ya tatu ni uga. Kani hufikaje pasipo mguso? Katika karne ya 19, Michael Faraday alifafanua kwamba chaji huathiri nafasi inayoizunguka. Nafasi hiyo iliyoathiriwa ndiyo uga. Katika matumizi ya kawaida, uga ni uwanja ulio wazi, nao haukomi kuwa uwanja wachezaji wasipokuwapo. Vivyo hivyo, uga wa chaji moja upo hata kabla ya chaji ya pili kuingia. Ikiingia, ndipo hupata kani.

Kwa hivyo, anayetenganisha maneno hayo kwa usahihi ameshaielewa nusu ya somo, tena kwa Kiswahili.