Superman wa 1938 au wa 1974?

SWALI: Mjomba aliyeko Marekani ameniletea kitabu cha katuni, Action Comics namba 1, chenye Superman akiinua gari. Kimeandikwa Juni 1938, bei senti 10. Rafiki zangu wanasema ni mamilioni ya dola. Kweli?

JIBU: Nakala halisi iliyotunzwa vizuri huuzwa kwa mamilioni, ndiyo. Lakini kabla hujaanza kuulizia viwanja, chukua rula. Kitabu cha 1938 kina urefu wa sentimita 26 hivi. Chako kikifika 34, basi ni chapa ya 1974, ya mfululizo wa kampuni ya DC uitwao Famous First Edition. Chapa hiyo ilivishwa jalada la nje lililosema wazi kuwa ni marudio. Ndani yake ndimo lilimonakiliwa jalada la zamani, na tarehe yake na senti zake 10. Wajanja hulibandua lile la nje wakauza kilichobaki kama cha asili. Mtego wa zamani huo, na bado unanasa watu.

Hata hivyo usikitupe. Mimi hupenda marudio yanayobakiza matangazo ya zamani, kama hayo ya 1974, maana nusu ya utamu imo humo. Tofauti na hayo, marudio ya kampuni ya Marvel yaitwayo Marvel Masterworks, yaliyoanza 1987, ni imara na mazuri kusoma, ila rangi zimepakwa upya na matangazo hayamo.

Pima kwanza. Ukikuta 34, mwulize mjomba kwa upole alikinunua kwa bei gani, kabla hujamwambia chochote.