SOMO LA ROBO HII: SAMAKI WAKIUGUA, TUANZE NA MAJI



Katika toleo hili somo letu linahusu magonjwa ya samaki wanaofugwa nyumbani. Nimelichagua kwa sababu sharika za tambarare zimeanza kuchimba mabwawa madogo na kujenga matangi ya saruji uani, na karibu kila ninapotembelea ninaulizwa swali lile lile: "Mratibu, samaki wanakufa, tununue dawa gani?" Swali hilo niliwahi kulijibu vibaya, tena kwa fedha za mradi. Nianze na hapo.

Kwa wafadhili ambao hawajafika Mabogini, hii ni kata iliyo kusini mwa mji wa Moshi, mahali ambapo mteremko wa Kilimanjaro umekwisha na ardhi imetandazika. Maji ya mto Rau na ya Njoro yanaingia katika mifereji ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na mashamba ya mpunga yanaonekana mpaka macho yanachoka. Palipo na mfereji si vigumu mtu kufikiria bwawa la samaki. Kikundi kimoja cha akina mama kilichimba la kwao, mita 10 kwa 10, kina cha mita 1. Waliweka perege, pamoja na kambale wachache wa kula vifaranga, kwa maana perege huzaana mno na bwawa likijaa vifaranga hakuna anayekua.

Mwezi wa saba, siku moja alfajiri, mwenyekiti alinipigia simu. Perege zaidi ya 30 walikuwa wameelea. Nilifika saa nne asubuhi nikakuta walio hai wanaogelea vizuri tu. Kwa kuwa sikuona kidonda wala doa, na kwa kuwa akina mama walikuwa wananitazama wakisubiri neno, nilisema ni ugonjwa wa bakteria. Tukanunua dukani unga wa antibiotiki ambao wafugaji huwapa kuku, ukamwagwa bwawani. Kesho yake alfajiri wakafa wengi zaidi. Siku ya tatu kamati ilikuwa tayari inajadili kulifukia bwawa, na mzee mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, ni nani atakayewaeleza wafadhili.

Aliyetuokoa ni afisa uvuvi. Hakuja saa nne. Alikuja saa kumi na moja na nusu alfajiri na tochi. Aliwaonyesha akina mama perege waliojaa juu ya maji, midomo wazi, wanameza kama watoto wenye kiu. Kisha akauliza, "Na kambale mmoja aliyekufa mmemwona?" Hakuna aliyemwona. Akakunja shati, akaingiza mkono majini kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Kiganja kilipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko. Swali lake la mwisho lilinishangaza: "Wiki hii jua limetoka?"

Halikuwa limetoka. Wakazi wa Moshi wanajua mwezi wa sita na wa saba ulivyo. Mawingu yanaushika mlima na siku nzima inapita bila kivuli cha mtu kuonekana.

KILICHOKUWA KINAUA

Maji ya bwawa yanakuwa ya kijani kwa sababu ya mimea midogo sana isiyoonekana moja moja kwa macho. Mchana, kwenye jua, mimea hiyo inatoa oksijeni na samaki wanapumua vizuri. Usiku haitoi, inaitumia, sawa na samaki, na sawa na bakteria wanaoozesha samadi na mabaki ya pumba chini ya bwawa. Kwa hiyo oksijeni inapungua usiku kucha, na saa ambayo imebaki kidogo kabisa ni alfajiri kabla jua halijatoka. Zikifuatana siku kadhaa za mawingu mazito, mchana hautoshi kurudisha kilicholiwa usiku. Akina mama walikuwa wanaongeza samadi kila wiki, kama nilivyowafundisha mimi, bila kujali hali ya hewa. Kambale hawakufa kwa sababu wanaweza kupanda juu na kuvuta hewa yenyewe. Perege hana uwezo huo. Bakteria wangekuwa wanaua, vifo visingefuata saa namna ile, na samaki asingekuwa hoi alfajiri kisha mzima saa nne.

Tiba haikugharimu shilingi. Samadi na chakula vilisimamishwa. Maji mapya yalifunguliwa kutoka mfereji, yakaangushwa juu ya mawe yaliyopangwa mlangoni mwa bwawa ili yaruke na kuchanganyika na hewa. Alfajiri mbili zilizofuata akina mama walipokezana ndoo, wanachota na kumwaga kutoka juu, jambo ambalo majirani walilicheka sana. Vifo vikakoma. Ile antibiotiki haikuwa na kazi yoyote, na dawa kama hizo zinaweza kuua hata bakteria wema wanaosafisha maji. Hasara nyingine ni kwamba tulilazimika kusimamisha mauzo kwa wiki kadhaa, kwa kuwa hatukuweza kumhakikishia mlaji kwamba hakuna dawa katika nyama.

KUMCHUNGUZA MGONJWA

Tangu siku hiyo nikiitwa sianzi kwa kumshika samaki. Ninauliza: wanaokufa ni wangapi na kwa muda gani? Wakifa wengi kwa usiku mmoja, shaka yangu ya kwanza ni maji. Wakifa mmoja leo, wawili kesho, mmoja keshokutwa, na kila mmoja ana alama, hapo ninaanza kufikiria ugonjwa. Ninauliza pia ni samaki gani. Oksijeni ikipungua mara nyingi wakubwa hutangulia, kwa sababu mahitaji yao ni makubwa.

Kwetu Mabogini lipo swali jingine ambalo vitabu vingi vya ufugaji haviliweki mbele: nani amepuliza dawa shambani? Baadhi ya dawa za kuua wadudu wa mpunga, hasa za jamii ya pairethroidi, zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno, na maji yanayotoka kwenye jaruba la jirani yanaweza kurudi katika mfereji unaojaza bwawa lako. Alama yake ni kwamba wanakufa wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, wakati wowote wa siku, tena na vyura na wadudu wa majini. Ukiona hivyo ziba mlango wa maji mara moja. Kuongeza maji ya mfereji huo huo ni kuongeza sumu. Na samaki hao wasiliwe, hata kama wanaonekana wabichi kabisa. Ninajua ni vigumu kumwambia mama mwenye watoto azike ndoo nzima ya perege. Mwambieni hivyo hivyo.

TANGI JIPYA NA TANGI LA KIOO

Wanaoanza na tangi la saruji, au vijana wanaoweka samaki wachache katika tangi la kioo sebuleni, wana shida yao wenyewe, nayo ni upya. Saruji mpya inatoa chokaa inayoyafanya maji kuwa makali kwa samaki. Tangi lijazwe, liachwe siku kadhaa, limwagwe, lijazwe tena, na zoezi hilo lirudiwe kwa wiki 2 au 3 kabla ya kuweka kifaranga hata kimoja. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza kwenye chombo kilicho wazi kwa saa 24.

Shida kubwa zaidi haionekani. Samaki anatoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kinachobaki kinaoza na kutoa amonia pia. Katika tangi lililozoea kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Anayeanza hununua samaki 20 siku ya kwanza, anawalisha mara tatu kwa siku kwa upendo, na wiki ya pili anaona wanapumua haraka mchana kutwa, mapezi yamebanwa, hawataki kula. Anakimbilia dawa. Anachotakiwa kufanya ni kusimamisha chakula kwa siku 2 au 3 na kubadilisha robo hadi theluthi ya maji kila siku, kwa maji yenye joto linalolingana na yale ya zamani. Mashavu yakiwa na rangi ya kahawia badala ya nyekundu, hiyo ni sumu ya naitraiti, na hapo chumvi kidogo, gramu 1 kwa lita, husaidia kuizuia isiingie katika damu.

Mgeni wetu mmoja kutoka Ujerumani, ambaye nyumbani kwake anafuga samaki wa rangi wa kutoka Ziwa Tanganyika, wale wanaovuliwa Kigoma na kusafirishwa nje kwa ajili ya mapambo, aliniambia kwamba kabati lake lina vipimo vya maji vingi kuliko dawa. Nilimwelewa baada ya kutoa ile hotuba ya bakteria kando ya bwawa.

MAGONJWA YENYEWE

Maji yakiwa mazuri na samaki bado ana alama, sasa tumtazame mwenyewe.

Vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini na mapezini, na samaki anajikwaruza kwenye mawe, ni mdudu mdogo aliyejichimbia chini ya ngozi. Akiwa hapo dawa haimfikii. Akikomaa anadondoka chini, anapasuka na kutoa wadudu wengi wanaoogelea kutafuta samaki mwingine, na ni hao tu wanaouawa na dawa. Ndiyo maana tiba ya siku moja haitoshi. Katika maji ya joto la nyuzi 25 mzunguko huo unakwisha ndani ya wiki moja hivi. Kwenye baridi unachukua muda mrefu zaidi. Katika tangi dogo la perege tumia chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita kwa siku 10 au zaidi, na kila unapobadilisha maji rudishia chumvi iliyotoka.

Utando kama pamba juu ya kidonda ni ukungu, na kwa kawaida unamfuata samaki aliyechubuliwa na wavu au aliyepigwa na baridi. Huyu aogeshwe katika ndoo: gramu 200 za chumvi ya kawaida kwa lita 20 za maji, dakika zisizozidi 30, ukiwa umesimama hapo hapo. Akilala ubavu mtoe mara moja. Chumvi hii ni ya ndoo na tangi. Bwawa la mita 10 kwa 10 lina lita 100,000. Kuliwekea hata gramu 1 kwa lita ni kilo 100, na maji hayo yakifunguliwa yataingia kwenye mpunga wa mtu.

Vidonda vyekundu, macho yaliyotokeza, tumbo lililovimba, au samaki anayezunguka kama amelewa: hapa mimi huacha kujifanya mganga. Inaweza kuwa bakteria. Inaweza pia kuwa virusi vya perege vilivyoelezwa kwanza na watafiti mwaka 2014 huko Israeli, ambavyo mwaka 2018 watafiti waliripoti kuvikuta kwa samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Virusi hivyo havina tiba. Mwiteni afisa uvuvi. Kwa uchunguzi wa maabara anafaa samaki mgonjwa aliye hai katika mfuko wa maji, au aliyekufa muda huo huo na kuwekwa kwenye barafu. Aliyeelea tangu jana hana tena cha kueleza. Wanaokufa wazikwe kwa chokaa mbali na mfereji, na nyavu zianikwe juani kabla ya kuazimishwa kwa jirani. Vifaranga vipya, hata vikitoka kwa rafiki, vikae wiki 2 katika beseni au tangi la peke yake.

KWA KAMATI NA WAFADHILI

Usharika rafiki mmoja umeuliza kama utume katoni ya dawa za samaki. Tunashukuru sana, na jibu letu ni hapana. Hawa ni samaki wa kuliwa, na baadhi ya dawa zinazouzwa kwa samaki wa mapambo haziruhusiwi kabisa kwa samaki wa chakula. Rangi ya kijani iitwayo malakaiti ni mojawapo, na Umoja wa Ulaya hauruhusu itumike kwa samaki wa kula. Kama fedha hiyo ipo, tungeomba kipimajoto kimoja na pakiti ya vipimo vya amonia na pH kwa kila bwawa, na nauli ya afisa uvuvi ya kufika alfajiri.

Kamati nazo zisidai ripoti ya mavuno peke yake. Kikundi kile cha Mabogini sasa kina daftari lenye safu nne: hali ya mawingu, kiganja kimepotea wapi, chakula kilichotolewa, samaki waliokufa. Anayeandika ni binti wa mwenyekiti kabla hajaenda shule. Mwezi wa saba uliofuata, baada ya siku mbili za mawingu, binti huyo alimzuia mama yake asimwage samadi. Mama alinipigia kulalamika kwamba mtoto amekuwa mjeuri. Nilimwomba asome daftari, kisha anieleze perege wangapi wamekufa mwezi huo. Alinyamaza kidogo, nikasikia kurasa zinafunuliwa. "Wawili, Mratibu," alisema, "na mmoja alichukuliwa na ndege."