Kioo cha Mbele cha Gari la Umeme: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kukibadilisha

Kioo cha mbele cha gari la umeme kinapopasuka, hofu ya kwanza ya mwenye gari, na wakati mwingine ya fundi wake, huwa ni umeme wenyewe: kwamba mtu anaweza kupigwa shoti au betri kubwa ikaharibika. Hofu hiyo ina msingi mdogo. Nyaya za volteji kubwa, ambazo watengenezaji huzivika ganda la rangi ya chungwa ili zitambulike mara moja, kwa kawaida hupita chini ya sakafu na ndani ya boneti, wala hazipandi kwenye nguzo zinazokishika kioo. Kinachostahili kuhofiwa ni vitu viwili ambavyo havirushi cheche na ambavyo havionekani kwa macho kazi ikishakwisha, yaani gundi ambayo haijashika vizuri na kamera isiyotazama inapopaswa kutazama. Kijitabu hiki kinaeleza kwa nini mambo hayo mawili ndiyo yenye uzito, na ni maswali gani mwenye gari anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa fedha.

Kioo hicho ni kitu gani

Kioo cha mbele cha gari la kisasa si bamba moja, bali ni mabamba mawili membamba yaliyobanana na utando wa plastiki uitwao polivinili butirali, ambao huvishika vipande visiruke kioo kinapovunjika. Wazo la kuunganisha kioo na utando wa plastiki lilipewa hataza mwaka 1909 kwa jina la mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus, na tangu hapo limeboreshwa mara nyingi. Vioo vya milangoni katika magari mengi ni vya aina nyingine, vilivyokazwa kwa joto, ambavyo vikipigwa husambaratika kuwa chembe ndogo butu.

Kwa kuwa kimegandishwa kwa gundi kwenye fremu ya bodi, kioo cha mbele ni sehemu ya mwili wa gari na si pambo la kuzuia upepo. Husaidia kulizuia paa lisibonyee gari linapobingirika, na mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, ambao katika magari mengi hufumka kwenda juu kutoka kwenye dashibodi, hukitumia kioo kama ukuta wa kuegemea ili umkabili abiria. Kioo kikibanduka wakati huo, mfuko hutoka nje na abiria hubaki bila kinga aliyoilipia.

Hayo yote ni kweli kwa gari lolote. Gari la umeme huongeza mengine. Kwa kuwa halina injini inayonguruma, sauti ya upepo na ya matairi husikika zaidi ndani, na ndiyo maana watengenezaji wengi huweka katikati ya mabamba utando maalumu unaomeza sauti. Tena, kiyoyozi cha gari la umeme hula betri ileile inayozungusha magurudumu, hivyo baadhi ya vioo hupakwa tabaka jembamba la metali linaloakisi joto la jua ili kiyoyozi kisifanye kazi kupita kiasi. Kwa gari lililoagizwa likiwa limetumika, ambalo betri yake tayari imepungua uwezo, na linaloegeshwa juani Mombasa au Dar es Salaam, tofauti hiyo si ndogo. Magari yenye kuonyesha mwendo juu ya kioo mbele ya macho ya dereva huhitaji utando wenye unene usiolingana juu na chini. Kioo cha kawaida kikiwekwa hapo, dereva ataona tarakimu mbilimbili.

Muuza spea anayesema kwamba kioo fulani kitaingia huenda hasemi uongo, kwa sababu kweli kitaingia na gari litapendeza. Lakini kuingia si kulingana, na kasoro zitakazofuata, kama kelele katika mwendo wa kasi, joto, kitambua mvua kinachowasha waipa kiangazi au kamera inayokataa kufanya kazi, hazionekani siku ya kununua.

Mfano wa Nissan Leaf

Gari linaloonyesha jambo hili vizuri zaidi katika Afrika Mashariki ni Nissan Leaf, ambalo lilianza kuuzwa Desemba 2010 na ambalo huingia Kenya na Tanzania hasa likiwa limetumika nchini Japani. Kizazi cha kwanza, chenye namba za chesisi zinazoanza na ZE0 na baadaye AZE0, kwa sehemu kubwa kina kioo chepesi kukipatia mbadala, kwa kuwa magari yake ya mwanzo hayakuwa na kamera. Kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2017 na chenye chesisi inayoanza na ZE1, kina matoleo mengi yenye kamera nyuma ya kioo cha kujionea nyuma, inayotumiwa na mfumo wa kufunga breki kwa dharura na ule wa kulishika gari katika njia yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na maana yake ni kwamba Leaf zinazoshushwa bandarini sasa ni za kizazi hicho cha pili, ilhali mafundi wengi wa vioo walijifunza kazi kwa magari yasiyo na kamera yoyote.

Kwa sababu hiyo kioo hakiagizwi kwa jina la gari na mwaka pekee. Namba kamili ya chesisi ipelekwe kwa muuzaji pamoja na picha ya kioo cha zamani, ikionyesha kona yenye maandishi na sehemu yote iliyo nyuma ya kioo cha kujionea nyuma. Maandishi ya konani yana maana: herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi, kwa mfano E43 kwa Japani au E11 kwa Uingereza, pamoja na alama 43R, huonyesha kwamba kioo kilikidhi Kanuni ya 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya usalama, AS1 ni alama ya Marekani, na CCC ni ya China. Kioo kisicho na alama yoyote kiachwe dukani, hata bei yake ikishawishi. Ila alama hizo huthibitisha usalama wa kioo tu, wala hazisemi kama kina kishikio cha kamera au dirisha la kitambua mvua.

Upande wa usukani nao uangaliwe. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, tofauti na Kenya, Uganda na Tanzania, na kioo cha gari lenye usukani wa kushoto kinaweza kutofautiana na cha mwenzake katika mahali pa vitambuzi na pa waipa. Anayeishi Kigali au Goma na kuagiza kioo kupitia Nairobi atamke jambo hilo waziwazi.

Kamera

Kamera iliyo nyuma ya kioo hupima umbali na kutambua mistari ya barabara kwa kudhani kwamba iko mahali fulani na imeelekea upande fulani. Kioo kipya, hata kikiwa halisi, hubadilisha kidogo sana mahali hapo. Kamera ikipotoka kwa nyuzi 1 tu, kitu kilicho meta 100 mbele kitahesabiwa kuwa meta 1.75 kando ya mahali kilipo, na hiyo ni nusu ya njia yenye upana wa meta 3.5. Gari linaweza basi kufunga breki kwa ajili ya lori lililo njia ya pili, au kutofunga kwa ajili ya lililo mbele yake.

Marekebisho yanayohitajika huitwa kalibresheni, yaani kuielekeza kamera upya na kuifahamisha kompyuta ya gari mwelekeo wake halisi. Ziko njia mbili, na mtengenezaji ndiye anayeamua ipi itumike, au zote mbili. Njia ya kwanza hufanyika ndani ya gereji, gari likiwa limesimama kwenye sakafu tambarare yenye mwanga wa kutosha, matairi yakiwa na upepo sahihi, mbele yake yakiwekwa mabango yenye michoro katika umbali uliopimwa. Njia ya pili hufanyika barabarani, kompyuta ya uchunguzi ikiwa imechomekwa, kwa kuendesha gari katika mwendo uliotajwa kwenye barabara yenye mistari iliyo wazi. Sharti hili la mwisho ndilo linalowasumbua watu wa kwetu, kwa kuwa kamera haiwezi kujifunza kwa mistari iliyofutika au kwa barabara ya vumbi. Barabara kuu kama ile ya Nairobi hadi Thika, wakati usio wa foleni, hufaa zaidi kuliko mitaa ya mjini. Magari machache, yakiwemo ya Tesla, hujirekebisha yenyewe yakiendeshwa.

Fundi aulizwe kabla ya kazi, si baada yake, kama ana kifaa kinachoikubali kompyuta ya gari hilo hasa (Nissan hutumia chao kiitwacho CONSULT, ingawa vipo vingine vinavyolisoma gari hilo), na kama atatoa taarifa iliyochapishwa baada ya kalibresheni. Jibu kwamba hakuna taa ya onyo iliyowaka kwenye dashibodi halitoshi, kwa kuwa kamera inaweza kufanya kazi bila kulalamika huku ikitazama pembeni. Mahali ambapo huduma hiyo haipatikani kwa siku kadhaa, mifumo inayotegemea kamera izimwe ikiwa gari linaruhusu, na dereva aendeshe akijua kwamba hana msaidizi.

Gundi

Gundi inayotumika ni ya poliyurethani, ambayo hushika kwa kunywa unyevu wa hewani. Kwa hiyo kasi yake hutegemea hali ya hewa: Tanga au Lamu, penye joto na unyevunyevu, hushika mapema kuliko Njombe au Limuru katika miezi ya baridi. Mtengenezaji wa gundi hutaja muda ambao gari lazima lisubiri kabla ya kuendeshwa kwa usalama, muda ambao kwa gundi moja unaweza kuwa saa 1 na kwa nyingine saa nyingi zaidi, na fundi mwenye kuijua kazi yake atauonyesha ulivyoandikwa badala ya kuukisia. Tarehe ya mwisho ya matumizi isomwe kwenye bomba lenyewe. Silikoni ya kuzibia masinki na madirisha ya nyumba haifai hata kwa dharura.

Utaratibu mzuri ni kuikata gundi ya zamani mpaka ibaki tabaka la milimita 1 hadi 2, ambalo gundi mpya hulishika kuliko inavyoishika rangi, kusafisha bila kugusa kwa vidole vitupu, kisha kupaka praima panapohitajika. Kisu kikikwaruza rangi ya fremu na mkwaruzo usipopakwa praima, kutu huanzia hapo, na pwani haichukui muda. Kutu hiyo hubandua gundi polepole na kufungua njia ya maji, na katika gari la umeme, lenye visanduku vingi vya kielektroniki nyuma ya dashibodi, uvujaji mdogo unaweza kugharimu kuliko kioo chenyewe.

Katika siku ya kwanza kioo kimoja cha mlangoni kiachwe wazi kidogo, kwa kuwa mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa kabisa, hewa ya ndani hukisukuma kioo kipya kuelekea nje. Gari lisipelekwe kuoshwa kwa pampu ya maji ya nguvu, wala lisipitishwe kwenye matuta na mashimo bila sababu.

Umeme, kwa kifupi

Gari litolewe kwenye chaja kabla ya kazi kuanza na lizimwe kabisa, ufunguo ukiwekwa mbali, kwa sababu gari la umeme linaweza kuwa tayari kuondoka huku likiwa kimya. Betri ndogo ya volti 12, ambayo huendesha kufuli, mifuko ya hewa na kompyuta, ikatwe pale mwongozo wa gari unapoagiza hivyo. Wakati wa kalibresheni ya gereji mifumo hukaa imewashwa kwa muda mrefu, na betri hiyo ndogo inaweza kuisha katikati ya kazi, hivyo fundi aiunge na chaja yake. Fundi wa vioo hana sababu ya kugusa waya wowote wa rangi ya chungwa.

Kuziba, na nani atakayelipa

Si kila jiwe lililorushwa na lori hudai kioo kipya. Kidonda kidogo kisichozidi ukubwa wa sarafu, kisicho mbele ya macho ya dereva, mbele ya kamera wala karibu na ukingo, kinaweza kujazwa resini inayokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, na kamera ikaachwa ilivyokuwa. Sharti ni kuwahi: kidonda kifunikwe kwa utepe safi ili vumbi na maji visiingie, na kiyoyozi kisielekezwe kwa nguvu kwenye kioo kilichochomwa na jua, kwa kuwa mabadiliko hayo ya ghafla ya joto hugeuza kidonda kuwa ufa.

Bima ndogo, inayolipa hasara za watu wengine pekee, haigusi kioo cha mwenye gari. Bima kubwa kwa kawaida hukilipia, lakini mara nyingi kwa kikomo chake cha peke yake, ambacho huenda kilipangwa kwa kufikiria bei ya kioo kisicho na kamera. Kwa hiyo kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi, kabla kioo cha zamani hakijang'olewa, kama kikomo hicho kinahesabu kalibresheni, na ankara ya fundi itenganishe bei ya kioo, ya gundi, ya kazi na ya kalibresheni, ikitaja alama zilizo kwenye kioo kipya pamoja na namba ya chesisi ya gari.