Feni ya Hita Kimya? Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Asubuhi ya Julai huko Limuru au Njombe, kioo cha mbele hujaa ukungu kwa ndani, na dereva ambaye feni ya hita imemfia huendesha akipangusa kwa kiganja. Ndiyo maana naihesabu feni hii pamoja na breki na taa: ni kifaa cha usalama. Haya ndiyo maswali ambayo wenye magari ya zamani huniuliza zaidi.

Nawasha swichi, feni haitoi hata sauti. Nianzie wapi?

Anzia kwenye fyuzi, wala usiridhike kuitazama kwa macho. Mercedes-Benz W123, kwa mfano, hutumia fyuzi zenye ncha zilizochongoka. Ncha zikishika kutu, umeme hukwama ijapokuwa fyuzi yenyewe haijakatika. Itoe, sugua ncha na vishikio vyake kwa msasa laini, uirudishe. Feni ikibaki kimya, pima volti kwenye plagi ya mota, ufunguo na swichi vikiwa vimewashwa. Moto usipofika, rudi nyuma hatua kwa hatua: rezista, swichi, fyuzi.

Nimepata volti 12, mbona bado haizunguki?

Hapa ndipo wengi hukimbilia dukani na kupoteza pesa. Kwanza, pima tena plagi ikiwa imechomekwa. Waya uliooza huonyesha volti 12 ukiwa hauna mzigo, lakini mota ikianza kuvuta, volti huporomoka.

Pili, angalia erthi. Umeme unaoingia kwenye mota lazima upate njia ya kurudi, na mara nyingi njia hiyo ni waya mmoja uliofungwa kwa skrubu kwenye bodi lenye kutu. Swichi ikiwa imewashwa, gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri kilichofungwa kwenye bodi, na nyingine kwenye waya wa erthi wa mota. Mita isome karibu na sifuri. Ikisoma volti 1 au zaidi, fungua skrubu, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi. Moto ukiwa kamili na erthi nzima, sasa una haki ya kuishuku mota.

Feni inafanya kazi kwenye kasi ya juu tu. Kwa nini?

Rezista imekatika. Katika magari mengi, kasi za chini hupitisha umeme kwenye rezista, na kasi ya juu huiruka. Rezista hukaa ndani ya njia ya hewa ili ipoozwe na upepo wa feni yenyewe. Majani yakiziba pale chini ya kioo hewa inapoingilia, au mota ikiwa nzito, rezista huungua. Wenye magari wa Nairobi, safisheni sehemu hiyo msimu wa maua ya jakaranda. Rezista mpya katika njia iliyoziba itaungua kama ya kwanza.

Nikiligonga boksi la hita, feni inaamka. Ndiyo kusema nini?

Kaboni za mota zimeisha. Springi haziwezi tena kuzibana vizuri, na mtikisiko huzigusisha kwa muda tu. Weka kaboni za ukubwa uleule na usafishe shaba zinapogusa. Kama feni inalia, bushi zimekauka: tone moja la mafuta mepesi kila upande latosha. Yakizidi, yatafika kwenye kaboni na kuziharibu.

Fyuzi inaungua kila mara. Niweke kubwa zaidi?

Hapana kabisa. Fyuzi hulinda waya, na ukiweka kubwa, kitakachoungua ni waya nyuma ya dashibodi, pengine pamoja na gari. Toa waya wa betri, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikiwa nzito, tatizo ni bushi au uchafu. Ikiwa nyepesi, tafuta waya uliochubuka unaogusa bodi.

Nimefunga mota mpya kwenye MGB ya 1965, upepo ni dhaifu.

MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi, kwa hiyo huenda nyaya za mota yako mpya zimeunganishwa kinyume. Mota ya sumaku ya kudumu ikipewa umeme kinyume huzunguka kinyume, na upepo hupungua sana. Badilisha nafasi za nyaya mbili za mota, ukihakikisha kwanza kwamba ganda lake halijaunganishwa na waya wowote.

Lini ninunue mota mpya?

Koili zikiwa zimeungua, au mhimili ukiwa umelika hadi unacheza. Kabla ya hapo, itengeneze ya zamani. Ilitengenezwa kwa boksi lile, wakati mota ya kubahatisha inaweza kukulazimu kukata na kutoboa vitu ambavyo havipatikani tena. Mita ya bei nafuu na saa moja ya subira vitakuonyesha kama umefika huko.