Mwenyewe Alikwisha Kuonywa

Soma Kutoka 21:28, 29. Katika mafungu yote mawili ng'ombe amemwua mtu. Kwa nini mwenye ng'ombe anaachiliwa katika fungu la 28, lakini katika fungu la 29 anahesabiwa hatia ya damu?

Tofauti ni moja: huyu wa pili alikwisha kuonywa, wala hakumfunga ng'ombe wake. Mbele za Mungu, kujua hatari huleta wajibu wa kuizuia.

Kanuni hii haiishii zizini. Kuanzia mwaka 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso mjini Minamata, kusini mwa Japani, kilitumia zebaki kutengeneza kemikali, na maji yake machafu yakamwagwa baharini. Zebaki iliingia katika samaki, kisha katika miili ya wavuvi na jamaa zao. Watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona na kusema. Watoto walidhurika wakiwa bado tumboni mwa mama zao.

Mwaka 1956 Dkt. Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kampuni hiyo, alitoa taarifa ya ugonjwa huo usiojulikana. Mwaka 1959 alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Paka akaugua vivyo hivyo. Kampuni ikaficha matokeo. Sasa ilikuwa imeonywa, lakini zebaki iliendelea kumwagwa hadi 1968.

Soma Walawi 5:1. Fungu hili linamwambia nini mtu aliyeona au kujua jambo, kisha akanyamaza?

Kutoka 21 inamgusa mwenye mali. Walawi 5 inamgusa shahidi. Mwaka 1968 chama cha wafanyakazi wa kiwanda kilikiri hadharani aibu ya kutosimama pamoja na wagonjwa. Mwaka 1970 Hosokawa, akiwa mgonjwa kitandani, alitoa ushahidi kuhusu yule paka. Mwaka 1973 mahakama iliihukumu kampuni kulipa fidia. Ushahidi ulichelewa, lakini haukuwa bure.

Jadilini: Zebaki hutumiwa pia na wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita na kwingineko, mara nyingi kwa mikono mitupu. Ikiwa mwenye karasha ni mshiriki wa kanisa lenu, Kutoka 21:29 inamtaka afanye nini juma hili? Na kanisa litamsaidiaje kibarua anayeogopa kwamba akisema atafukuzwa kazi?