Ziwa Lilipopanda: Somo Juu ya Joto la Dunia

Somo la familia na vikundi vya maombi
Someni kwanza: Luka 13:1-5 na Mwanzo 2:15

 

Katika kikundi kimoja cha maombi tuliulizwa swali na mzee aliyekuwa mvuvi kule Baraka. Alisema: "Mchungaji, ziwa limepanda, dagaa wamepungua, na mvua hatuzijui tena. Ni Mungu ametukasirikia, au ni sisi tunaokata miti?" Tulimjibu haraka haraka, tena vibaya. Somo hili ni jibu letu la pili kwake.

Kwanza tukiri kosa. Aprili 2020 Mto Rusizi ulifurika Gatumba, na mwezi huohuo mito ya Uvira ilishuka kutoka milimani usiku, ikabomoa nyumba na kuua makumi ya watu. Baadhi yetu tuliohubiri wakati ule tulisema madhabahuni kwamba ni adhabu ya dhambi za miji ile. Mama mmoja aliyempoteza mdogo wake katika maji hayo alikuwa amekaa kwenye benchi anatusikiliza. Hakusema neno, lakini hakurudi ibadani kwa muda mrefu. Katika Luka 13 watu walimletea Yesu habari ya wenzao waliouawa, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kabisa kwamba wale walikuwa wabaya kuliko wengine. Toba aliwadai walio hai waliokuwa mbele yake. Sisi tuligeuza: tukawahukumu waliokufa, tukajiacha wenyewe.

Sasa tuone joto hili linatoka wapi.

Fikirini blanketi. Blanketi halina moto ndani yake, lakini ukijifunika, joto la mwili wako halitoki. Mungu aliizungushia dunia hewa ambayo ndani yake mna gesi chache zinazofanya kazi kama blanketi. Bila hizo dunia ingekuwa barafu. Gesi kubwa katika hizo tunazoongeza sisi wanadamu ni hewa ya kaboni, ile inayotoka kila kitu kinapochomwa. Kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza kuchoma makaa ya mawe, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu kama 280 zilikuwa za kaboni. Leo zimepita 420. Blanketi limekuwa zito. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopimwa, na ulizidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa digrii 1.5 hivi.

Nani ameliongeza blanketi? Zaidi ya yote ni makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gesi ya ardhini, vinavyochomwa katika viwanda, mitambo ya umeme, magari na ndege. Kukata na kuchoma misitu kunaleta karibu sehemu moja kati ya kumi ya kaboni inayotoka kila mwaka. Kuna pia gesi ya methani, itokayo kwa ng'ombe, mashamba ya mpunga yenye maji, majalala na visima vya mafuta. Mtu mmoja wa Marekani, kwa wastani, anatoa tani zaidi ya 13 za kaboni kwa mwaka kutokana na vitu hivyo vitatu vya kwanza. Mkongomani hafikishi hata sehemu ya kumi ya tani moja.

Basi mzee wetu, na ninyi wamama mnaoinama juu ya mafiga matatu, sikieni vizuri: moto wenu wa kupikia ugali sio uliopasha dunia joto. Tumewahi kuketi katika semina ambapo wageni walizungumza kana kwamba mama mwenye mzigo wa kuni ndiye adui. Mzigo wa dhambi ya mwingine tusiubebe. Tunayo yetu, tutaifikia.

Tuje ziwani, maana wengi wetu tulivuka Tanganyika usiku na tunalijua. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 hivi. Chakula cha samaki kiko chini kule gizani, kama mbolea iliyozama. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini hulikoroga ziwa, mbolea ile hupanda juu, mimea midogo isiyoonekana kwa macho hukua, wadudu wa majini huila, dagaa hula wadudu, mikebuka hula dagaa, nasi tunakula wote. Lakini maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, huelea juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hauwezi tena kuyakoroga vizuri. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Catherine O'Reilly walieleza kwamba ile mimea midogo ilikuwa imepungua kwa asilimia 20 hivi, na wakakadiria kwamba mavuno ya samaki yameshuka kwa asilimia 30 hivi. Nyavu za matundu madogo zimeongeza shida, hatukatai. Ndiyo maana mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa hilo kwa miezi mitatu. Lakini mvuvi mwenye nyavu halali naye anarudi na mtumbwi mtupu.

Na mafuriko? Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii moja. Ikiyaachilia, huyaachilia kwa wingi. Hatusemi kila mvua kubwa imeletwa na joto hili. Mvua kubwa zilikuwapo hata wakati wa babu zetu. Tunasema mizani imeelemea upande mmoja. Tena maji yakikuta mlima uliovuliwa miti, kama ile ya juu ya Uvira, hayana kinachoyashika, yanateremka na udongo na mawe.

Hapo ndipo swali la mzee lina upande wa pili. Kukata miti kwetu hakukupasha dunia joto, lakini kumekausha vijito vya hapa, kumewakasirisha wenyeji waliotupokea, na kumewapeleka dada zetu mbali. Kila mwaka tunasikia ya mama aliyetoka alfajiri kutafuta kuni akarudi bila panga, bila mzigo, na amepigwa. Wengine wamepatwa na mabaya zaidi na hawasemi. Mwanzo 2:15 Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Bustani ile haikuwa mali yake. Na kambi hii si yetu.

Kupunguza joto lenyewe ni kazi ya wanaochoma zaidi: kuacha makaa ya mawe, kutumia umeme wa jua, upepo na maji, kuilinda misitu kama ile ya Kongo. Mataifa yaliahidi Paris mwaka 2015 kulizuia joto hili, na mwaka 2022 kule Misri yakakubali kuanzisha mfuko wa kuwasaidia wanaoumia. Tuwaombee viongozi watimize, na vijana wetu wenye elimu wawaulize.

Kwetu sisi tuanze na chungu. Maharage au dengu zikilowekwa usiku kucha, kuni zinapungua sana. Funika sufuria. Kuni zipasuliwe nyembamba na zikauke; kuni mbichi ni moshi tu na macho mekundu. Mizinga ikishaiva, tia majivu, usiache gogo liwake bure mkipiga maneno. Zaidi ya yote, tengeneza jiko la udongo: udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwa fupifupi, maji. Kanda kwa miguu, jenga ukizunguka sufuria yenyewe, acha nafasi ya unene wa kidole kati ya sufuria na ukuta, weka mlango mmoja wa kuni, kisha likauke kivulini wiki tatu. Wengi huliwasha wiki ya kwanza, linapasuka, halafu wanasema majiko haya ni uongo.

Miti tuipande, lakini mikaratusi isikaribie kijito, kwa kuwa inakunywa maji mengi. Mlonge hukua upesi na majani yake ni mboga.

Maswali ya kikundi:
1. Je, tumewahi kumwambia aliyefiwa kwamba msiba wake ni adhabu? Tumwendee vipi?
2. Katika kijiji chenu, ni wamama wangapi wanaokwenda kuni peke yao? Nani anaweza kuwasindikiza, na siku zipi?

Mashemasi watakusanya udongo wa kichuguu nyuma ya kanisa Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Kila familia ije na sufuria inayotumia kila siku, siyo ya wageni. Jiko la kwanza tutamjengea yule mama aliyeacha kuja ibadani; amekubali tuje.